Kumsitiri Dhalimu si Sitara



Katika semina moja ya walimu wa madrasa ambayo tulialikwa kuifungua kwa dua, mwalimu mmoja mtu mzima alinyanyuka akauliza: "Sheikh, nina mwanafunzi hawezi kukaa jamvini kwa maumivu. Mashahidi wanne sina. Nikisema, sitakuwa nimemsingizia mtu?" Ukumbi ulinyamaza, kwani swali hilo walikuwa nalo wengi.

Tulimjibu kuwa mashahidi wanne ni sharti la kumtia mtu hatiani kwa zinaa, wala si sharti la kumfikisha mtoto kwa tabibu. Mwalimu hatakiwi kumtaja mkosaji. Aeleze alichokiona na alichoambiwa na mtoto, kwa maneno yale yale ya mtoto, na uchunguzi awaachie wenye kazi yao. Ama sitara, anayesitiriwa ni mja aliyeteleza baina yake na Mola wake, si yule ambaye mkono wake ungali juu ya aliyemdhulumu. Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa yatutaka kutoa ushahidi wa haki hata dhidi ya wazazi na jamaa zetu.

Jambo hili si la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, ulionesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 nchini Tanzania, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Muuguzi aliyefundisha siku ile alitufumbua macho. Alitaja majeraha mapya juu ya makovu ya zamani, maelezo ya mzazi yasiyolingana na jeraha, mtoto mkubwa anayeanza tena kukojoa kitandani, na mtoto mchangamfu anayegeuka bubu au kuogopa kurudi kwao. Alama moja peke yake si hoja. Zikikusanyika, mwalimu asinyamaze. Asimhoji mtoto mara kwa mara, asimwahidi kuwa itakuwa siri, wala asiwaite wazee kusuluhisha. Akiwa amebakwa au kulawitiwa asioshwe, nguo zake zisifuliwe, na afikishwe hospitali upesi, maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI huanza kutolewa ndani ya saa 72.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, humpa kila mwanajamii mwenye habari za mtoto aliyevunjiwa haki zake wajibu wa kuzifikisha kwenye serikali ya mtaa. Tulipolisema hilo baadhi yetu waliinamisha vichwa. Tuseme kweli: miongoni mwa watuhumiwa wamo wenye vilemba kama sisi, na bakora za madrasa zimeacha alama migongoni mwa watoto. Hao nao wataripotiwa.

Mwalimu yule aliuliza tena, "Na ikiwa ni usiku?" Muuguzi akaandika ubaoni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Mzee akainukuu kwenye daftari lake la mahudhurio, kisha akaomba ruhusa ya kutoka kabla ya chakula, amwahi mtoto.