KIMYA KINGI KINA MSHINDO: MAWIMBI YA NDANI YA ZIWA TANGANYIKA

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Msemo huu unalifaa sana Ziwa Tanganyika. Juu laweza kutulia tuli kama maji ya beseni, kumbe huko chini mawimbi makubwa yanapanda na kushuka. Haya huitwa mawimbi ya ndani.

Mpenzi msomaji, huhitaji nauli ya kwenda Kigoma ili uyaelewe. Chukua chupa ndogo ya soda ya plastiki. Tia maji nusu, kisha mafuta ya kupikia (mwombe mama kwanza!) mpaka ijae pomoni, ufunge kifuniko. Ilaze, halafu inua upande mmoja na kuushusha. Umeona? Mpaka wa maji na mafuta unayumba polepole.

Ziwani hakuna mafuta, ila kuna maji ya vuguvugu juu na maji baridi chini, kwa sababu maji baridi ni mazito zaidi. Na ziwa lenyewe lina kina cha meta 1,470 hivi! Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Ndiyo miezi ile sisi wa Thika na Ruiru tunatetemeka ndani ya sweta. Kule Mpulungu, Zambia, maji baridi hupanda kujaza nafasi. Upepo ukilegea, maji ya juu hurudi, na mpaka huyumba kama katika ile chupa. Kupanda na kushuka mara moja huchukua karibu mwezi mzima.

Sasa utauliza, yatuhusu nini? Yahusu tumbo. Mbolea ya ziwa imelala chini gizani. Mawimbi haya huisaidia kupanda penye mwanga, mimea midogo sana ya majini ikamea. Vijidudu hula mimea hiyo, dagaa hula vijidudu, migebuka hula dagaa, na watu wa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia hula samaki hao.

Shida ni kwamba maji ya juu yamezidi kupata joto, kwa hivyo yamekuwa mepesi zaidi. Upepo hauwezi kuyachanganya na ya chini kama zamani. Mwaka wa 2003 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba huenda chakula kinachotengenezwa na mimea hiyo kilipungua kwa asilimia 20 hivi katika karne ya 20, na samaki kwa asilimia 30.

Mwaka wa 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi 3 ili samaki wazaane. Ni hatua nzuri, maana uvuvi nao umezidi. Lakini kufunga ziwa hakupoozi maji. Basi mvuvi asibebeshwe lawama zote peke yake. Moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima umo pia, na sisi wa Thika, mji wa viwanda, tusijifanye hatumo.