UFUGAJI WA NYENJE KWA CHAKULA NA BIASHARA: MAELEZO KWA WANANCHI

Maelezo haya yanatolewa kwa wananchi wanaokusudia kuanzisha miradi midogo ya kujiongezea kipato. Yanahusu ufugaji wa nyenje, mdudu anayeliwa na kuuzwa katika nchi mbali mbali. Madhumuni yake ni kumwezesha mwananchi kupima faida na hasara kabla ya kutoa fedha zake.

Ulaji wa wadudu si jambo geni Tanzania. Mkoani Kagera, senene ni kitoweo cha heshima tangu zama za mababu. Hata hivyo, senene hukamatwa porini na hupatikana kwa misimu. Nyenje hufugwa nyumbani mwaka mzima.

Mfano wa Thailand

Mwaka 1998 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, Thailand, walianza kuwafundisha wakulima ufugaji huu. Ilipofika mwaka 2013, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliarifu kuwa wafugaji wamefikia wapatao 20,000, wengi wao wakiwa wakulima wadogo.

Namna ya kufuga

Wafugaji hao hujenga maboma madogo ya matofali chini ya paa. Ndani hupanga trei za mayai ili nyenje wapate pa kujificha, na juu hufunika kwa chandarua kuzuia mijusi na ndege. Kuta za ndani huzungushiwa ukanda wa plastiki laini ili nyenje wasipande, na chungu huzuiwa kwa maji.

Jike, anayetambulikana kwa mwiba mrefu wa kutagia ulioko nyuma, hutaga katika bakuli lenye makapi au mchanga wenye unyevu. Mahali penye joto, mayai huanguliwa baada ya wiki 1 hadi 2, na nyenje huwa tayari kuvunwa wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 8. Hulishwa chakula cha kuku, na siku za mwisho hupewa maboga na majani ili kupunguza gharama na kuboresha ladha. Majani yaliyopigwa dawa yasitumike kabisa.

Hesabu ya gharama

Hapa ndipo mradi husimama au huanguka. Kilo 1 ya nyenje huhitaji karibu kilo 2 za chakula. Nchini Thailand chakula huchukua takriban nusu ya gharama zote. Kwa kipimo hicho, mfugaji akiuza kilo 1 kwa bei iliyo chini ya bei ya kilo 4 za chakula, atapata hasara. Visiwani, ambako malighafi nyingi za chakula cha kuku huvushwa kwa bahari, hesabu hii ifanywe kwa uangalifu zaidi.

Usafi na afya

Baada ya kuvunwa, nyenje waoshwe na wachemshwe, kisha wagandishwe au wakaushwe vizuri. Kuchemsha hakuui vijidudu vyote. Nyenje waliochemshwa wakiachwa kwenye joto huharibika. Aidha, mtu anayedhuriwa na kamba au kaa asile nyenje, kwani anaweza kupata madhara kama hayo.

Soko

Umoja wa Ulaya uliidhinisha nyenje kuwa chakula mwaka 2022, lakini kwa masharti ambayo mfugaji mdogo hawezi kuyatimiza peke yake. Kwa upande wa soko la ndani, uhalali wa nzige unafahamika kwa Waislamu, bali kuhusu wadudu wengine wanazuoni wamekhitilafiana. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa majirani watanunua. Njia nyengine ni kuwalisha kuku, ambapo nyenje huwa protini ya nyumbani. Hata hivyo, kumnunulia nyenje chakula cha kuku ili aje kuliwa na kuku hakuna faida. Kwa matumizi hayo atafutiwe mabaki na majani yasiyo na gharama.

Ushauri

Mwananchi anashauriwa kumpata mnunuzi kwanza, kisha aanze na boma 1 na aandike kila kinachoingia na kutoka. Asikope fedha kabla ya kukamilisha mavuno 2 na kujua bei yake halisi. Haifai kuleta mayai au nyenje hai kutoka nje bila ya kibali. Ni vyema kwanza kuonana na ofisi ya kilimo na mifugo ya wilaya.