Mabati ya Asbesto: Usiyavunje, Usiyachukue

Bwana mkulima na Bibi mkulima, ikiwa unafuga kuku Likoni, Kisauni au Changamwe, huenda siku moja jirani abomoaye nyumba yake ya zamani akakwambia: “Njoo uchukue mabati haya ya kijivu, ni bure, yatakufaa kwa banda.” Kabla hujaleta mkokoteni, yatazame kwanza.

Asbesto ni jiwe lichimbwalo ardhini, lenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Zamani viwanda vilichanganya nyuzi hizo na saruji vikatengeneza mapaa, kwa kuwa hayaungui wala hayashiki kutu. Watu huyaita mabati, ijapokuwa si chuma.

Bati likiwa zima, saruji huzishika nyuzi. Hatari huanza linapovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutobolewa. Nyuzi hutoka katika vumbi, nawe ukizivuta kwa pumzi hukaa mapafuni. Huleta ugonjwa wa mapafu kukakamaa, na saratani. Maradhi haya huweza kuchukua miaka 20, 30 hata 40 kabla ya kuonekana. Basi fundi asemaye, “Nimeyakata miaka mingi, sijapatwa na neno,” asijidanganye. Tena vumbi hurudi nyumbani katika nguo zake, na wako wake wa mafundi walioumwa kwa kuzifua tu.

Utayatambuaje? Ni ya kijivu, mazito, yenye mawimbi. Ukiyagonga hayalii kama chuma. Hayana kutu, lakini huota kuvu. Palipovunjika zamani, ukingo huonyesha nyuzi kama za katani. Usivunje kipande ili kutazama! Yako mabati ya saruji yasiyo na asbesto yafananayo nayo sana, na ni maabara tu iwezayo kukata shauri. Kwa hiyo bati kuukuu la namna hii lihesabu kuwa ni asbesto.

Shika haya:

1. Paa zima liache lilivyo. Usilisugue kwa brashi ya chuma wala usilipande, huvunjika ghafula.

2. Likivunjika, waondoe watoto na kuku. Nyunyiza maji polepole, kisha funika kwa karatasi ya plastiki. Usifagie pakavu. Kitambaa puani hakizuii nyuzi hizi.

3. Usiyachome moto, maana hupasuka kwa kishindo. Usiyatupe shambani wala baharini.

4. Mwenye karakana au ghala asimtume kibarua kuyabomoa bila mafunzo na vifaa.

Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 huihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na NEMA ilitoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika. Kabla ya kubomoa, nenda ofisi ya NEMA ukaulize ni nani mwenye leseni ya kazi hiyo.

Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Banda la kuku latosha kuezekwa makuti.