Planokokasi: bakteria tufe wanaojongea

Si ajabu kukuta katika tafsiri za elimuviumbe sentensi isemayo kwamba kokasi ni bakteria wa duara wasiojongea. Sentensi hiyo ina makosa mawili. Duara ni umbo bapa, ilhali kokasi ni tufe. Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya punje. Tena wapo kokasi wanaojongea, na fasili inayowakana itamkwamisha mwanafunzi siku atakapowaona kwa hadubini.

Mfano bora ni jenasi Planococcus, iliyopewa jina na Migula mwaka 1894. Seli zake hukaa moja moja, mbili mbili au nne nne, huhitaji oksijeni, hazifanyi spora, na makundi yake yakioteshwa huwa ya manjano hadi rangi ya machungwa. Wengi hutoka baharini na penye chumvi. Planococcus halocryophilus, aliyeelezwa mwaka 2012 kutoka udongo ulioganda wa kaskazini ya mbali ya Kanada, huongezeka hata katika baridi ya nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kinachowasogeza ni uzi mwembamba ambao Kilatini huuita kijeledi. Nasi twaweza kuuita mjeledi. Lakini mfasiri aangalie: chembe yoyote ndogo majini hutikisika kwa kusukumwa na molekuli, hata ikiwa mfu. Kujongea ni kuhama mahali kwa nguvu za kiumbe chenyewe. Tukisema "kucheza" kwa yote mawili, tumepoteza tofauti.

Sasa jina. Plano- ni neno la Kiyunani la mzururaji, ndilo lililozipa lugha za Ulaya jina la sayari. Na sayari yetu, kwa njia ya Kiarabu, nayo imetoka katika maana ya kwenda. Inavutia, basi, kusema "kokasi mzururaji". Ubaya ni kwamba mwaka 1989 Collins na wenzake waliunda jenasi Vagococcus, na vagus kwa Kilatini ni mzururaji yule yule. Hao ni jamaa wa mbali: planokokasi wana kimeng'enya cha katalasi, vagokokasi kwa kawaida hawana, na mmoja wao, Vagococcus salmoninarum, huwaugua samaki wa kufugwa kwa sababu yake. Ripoti ya maabara yenye jina moja kwa jenasi mbili ingempotosha mganga wa mifugo. Kwa hiyo jina la kisayansi liachwe lilivyo, na katika maelezo ya kawaida tuandike planokokasi na vagokokasi.

Kuhusu upatanisho, nimeandika "kokasi wanaojongea" kwa kuwa ni viumbe hai. Aandikaye "zinazojongea" hakukosa, mradi asichanganye katika ukurasa mmoja.