Mtaji wa Uendeshaji: Hesabu Siku Kabla ya Kukopa
Kampuni yaweza kuonyesha faida vitabuni na bado ikashindwa kulipa mishahara. Tuchukue muuza vipuri vya magari kwa jumla: mzigo hukaa ghalani siku 45, wanunuzi hulipa siku 60 baada ya kuuziwa, ilhali yeye humlipa msambazaji wake baada ya siku 30. Siku 75 zinazosalia hana budi kuzigharamia. Kabla ya kukimbilia benki, afuatilie ankara zake: wanunuzi wakilipa baada ya siku 40, pengo hushuka hadi siku 55. Wala asidharau punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa ndani ya siku 10. Kuliacha ili alipe siku ya 30 ni sawa na kukopa kwa riba ya takriban asilimia 37 kwa mwaka; benki ikitoza chini ya hapo, heri akope huko.