Bei ya Mti Uliosimama Shambani

Mara nyingi mti wa mbao huuzwa wakati mwenyewe amebanwa na haja. Shule zimefunguliwa, karo yatakiwa, na dalali yupo mlangoni. Huuzunguka mti, huupiga kwa kiganja, hutazama juu, kisha hutaja bei. Mwenye shamba huona fedha zile ni nyingi, maana mti ule haukumgharimu kitu kwa miaka ishirini. Siku ya tatu mbao zake zimekwisha fika mjini Malaba, na huko huuzwa kwa fedha ambazo yeye hakuziota.

Si haki kumlaumu dalali peke yake. Kila mfanya biashara hupenda kununua rahisi. Shida ni kwamba katika mapatano hayo mmoja aijua hesabu na mwingine haijui, na hali hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto wa darasa la sita aweza kumfanyia baba yake.

Kwanza hupimwa unene. Utepe wa fundi wa nguo watosha. Uzungushwe shinani kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Kisha hupimwa urefu wa shina lililonyoka, mpaka tawi kubwa la kwanza, wala hapana haja ya kupanda. Mtu akamate fimbo wima, mkono umenyoshwa mbele, na sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali toka jicho lake hata ngumi. Arudi nyuma polepole mpaka sehemu hiyo ionekane kulienea shina lote, toka ardhini hata lile tawi. Umbali kati yake na mti ndio urefu wa shina.

Mfano ni huu. Mgrivilea una mzingo wa sentimita 130 kifuani, na kwa kuwa shina hupungua kwenda juu, katikati yake hukadiriwa sentimita 120. Robo ya 120 ni 30, yaani mita 0.3. Zidisha 0.3 kwa 0.3, kisha kwa urefu wa mita 6. Jawabu ni mita za ujazo 0.54. Lakini si gogo lote liwalo mbao. Msumeno wa mashine hula sehemu kubwa ikawa unga, na mabanzi ya pembeni hutupwa kando. Kwa hiyo yafaa kuhesabu theluthi moja tu. Theluthi hiyo ni kama futi 150 za mbao za inchi 6 kwa 1.

Sasa mwenye mti aende mwenyewe, au amtume kijana wake, katika maduka mawili matatu ya mbao, Busia au Malaba, akaulize bei ya futi moja ya mbao za mti kama ule. Aizidishe kwa 150. Atoe ujira wa mpasuaji, nauli ya gari, gharama ya kibali, na faida ya haki ya mnunuzi. Kinachobaki ni bei ya mti wake, nayo ndiyo ya kutajwa kabla dalali hajataja yake.

Hesabu hiyo yaonyesha pia hasara ya kuuza mapema. Mti wenye mzingo wa sentimita 60, urefu ukiwa ule ule, hautoi nusu ya ule wa 120. Hutoa robo tu, tena mbao zake ni nyembamba. Mwenye safu ya miti akibanwa na karo, heri auze mmoja mnene kuliko kumaliza safu nzima ya michanga.

Mvule usipimwe kwa bei ya mgrivilea wala mkaratusi. Mbao ngumu kutoka Kongo hupita katika mipaka hii miwili zikienda Nairobi, na wanunuzi waijua thamani yake. Tena mwaka 2018, Serikali ya Kenya ilipokataza ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, wapasuaji waligeukia zaidi miti ya mashambani.

Wengine hutishwa kwa habari za kibali, wakauza kwa hofu. Mti uliopandwa shambani ni mali ya mwenye shamba. Lakini mbao zikisafirishwa barabarani hutakiwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na ni vema kupatana mapema nani atakishughulikia na nani atakilipia.

Mapatano mengine yaandikwe mbele ya shahidi kabla msumeno haujawashwa: fedha zitalipwa lini, matawi na mabanzi ni ya nani, na mahindi yakiangukiwa nani atalipa. Kama mti ni mkaratusi, mkataji aambiwe aukate chini, kwa mshazari, bila kupasua kisiki, kwa maana kisiki kizima huchipua tena.