Kivuko hakina breki

Abiria wengi wa kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, huamini kwamba kivuko kinakwenda kwa sababu injini inakisukuma, na kwamba injini ikinyamaza tu, kitasimama. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nakaa Kigamboni, na kila asubuhi navuka na watu wenye imani hiyo. Siwacheki. Aristotle wa Ugiriki naye aliamini hivyohivyo, na wasomi wakamfuata kwa karne nyingi.

Kiangalie kinapokaribia upande wa mjini. Mngurumo unashuka mpaka unasikia watu wanavyopiga soga, lakini kivuko bado kinakuja. Nahodha hana breki ya kukanyaga. Inabidi azungushe pangaboi kinyume ili zisukume maji mbele, na maji nayo yakirudishe kivuko nyuma. Isaac Newton aliyaandika haya mwaka 1687: kitu kilicho mwendoni huendelea kwa kasi ileile na mwelekeo uleule mpaka kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, iingilie.

Mbona basi injini huunguruma njia nzima? Maji yanakizuia. Katikati ya mkondo, msukumo wa pangaboi na ukinzani wa maji hutoshana, ndiyo maana kasi haipandi wala haishuki. Siku za bamvua, maji yanapokupwa kwa fujo kwenda baharini, nahodha hukielekeza kivuko kule yanakotoka maji, mgeni akadhani amekosea gati. Mkondo wenyewe ndio unaomrudisha kwenye mstari.

Uzito nao una lake. Kivuko cha MV Magogoni kilitengenezwa kubeba tani 500, kile cha MV Kazi tani 170. Ukivisukuma kwa kani moja, kile kizito kitachelewa kushika mwendo, na kitachelewa vilevile kuuacha.

Juzi, tukiwa kivukoni, nilisogea mbali na guta lililosheheni kreti za chupa tupu. Kijana mwenye guta akaona namdharau.

"Nimefunga breki, mwalimu."

"Breki imeshika matairi, dogo. Kreti za juu zimeshikwa na nani?"

Akacheka. Kivuko kikagusa zege, sote tukayumba mbele, na kreti ya juu kabisa ikateleza kiasi cha shubiri moja. Hakuna aliyeisukuma. Guta lilisimama pamoja na kivuko, ila kreti ikaendelea na safari yake mpaka msuguano na ile ya chini ulipoisimamisha. Kijana akatoa kamba bila kuniangalia.

Kariakoo mambo ni yaleyale, ila juu ya lami. Mkokoteni wa magunia huhitaji watu wawili kuung'oa pale uliposimama. Ukishaanza kuviringika, mmoja anaumudu. Penye mteremko, mvutaji huinua mikono ya mbele ili kipande cha tairi kilichofungwa nyuma kiburuzike barabarani. Wanaoikejeli breki hiyo hawajawahi kuvuta magunia.

Ninaowahofia ni wa bodaboda. Kwenye lami kavu, pikipiki ya kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita kama 5 tangu breki zishike. Kwa kilomita 60, inahitaji kama 20: kasi mara mbili, umbali mara nne. Na sekunde moja ya kushtuka, kabla mkono haujafika kwenye breki, inakula mita nyingine karibu 17.